Nani Alishika Mashine

Kwetu hakuna mtu aliyewahi kulipa kinyozi tangu niolewe. Sisemi hivi kwa kujisifu, maana kuna miaka watoto walienda shule na vichwa vyenye ngazi, na mwalimu mmoja alimwuliza binti yangu kama amenyolewa na panya. Mashine yetu ya kunyoa mume wangu aliipata kwa fundi mwenzake aliyekuwa anahama. Ilikuwa imetumika, meno mawili yamevunjika upande wa kushoto, na mpaka leo ukiipitisha bila kuinamisha mkono inaacha mstari kama njia ya mchwa. Mimi nilijifunza kuinamisha mkono. Mume wangu, watoto wetu wawili, hata jirani yangu tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja, wote wamekalia kile kiti cha plastiki nyuma ya nyumba yetu hapa Nyamasaria, leso shingoni, wakiniambia nisiwakate sikio.

Nywele zangu mwenyewe nilizitengeneza na jirani. Alinisuka, nikamsuka. Dawa ya kulainisha tulinunua kopo moja tukagawana. Jambo moja naliandika mapema kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki: miaka yote hiyo mimi ndiye niliyemnyoa mume wangu, lakini yeye hakuwahi kugusa kichwa changu. Sikumkataza. Haikuwa kazi yake, kama vile randa yake haikuwa kazi yangu.

Mume wangu ni seremala, karakana yake iko Obunga. Kwa kuinua mbao alipata ngiri, uvimbe chini ya tumbo uliokuja na kurudi, na kwa muda mrefu aliurudisha ndani kwa mkono akaendelea kupiga misumari. Mwaka jana daktari alisema apasuliwe. Siku ilipangwa, akalazwa, na asubuhi ile mama yake akapiga simu kutoka kijijini kwao, Pap Onditi. Alikuwa ameota ndoto. Alimwona marehemu baba mkwe amesimama kwenye mlango wa hospitali, redio yake kwapani, hataki kupisha. Mume wangu alivaa nguo zake, akarudi nyumbani. Hakubishana na mama yake. Hajawahi kubishana naye.

Sasa sitaki kumwandika mama mkwe vibaya, kwa hiyo niseme na upande wake. Baba mkwe aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake, redio kwapani kweli, akapasuliwe tumbo, na alirudi nyumbani ndani ya sanduku. Mama alikuwa bado kijana. Siku chache baada ya mazishi alinyolewa kichwa chote kwa wembe, yeye na watoto, ile desturi tunayoita liedo. Mtu aliyepitia hayo akiogopa kisu cha daktari, mimi siwezi kumwambia anaogopa bure. Mimi sikuwepo.

Lakini ngiri haikungoja tumalize kuogopa. Mwaka huu ilianza kukataa kurudi ndani. Mara moja ilikaa nje kutoka asubuhi hadi mchana, ngumu kama ngumi, mume wangu amelala sakafuni mwa karakana akitapika. Daktari yule yule alimtazama akasema, "Mzee, hii siku nyingine itanasa, utumbo uoze. Hapo hatutakuwa na muda wa ndoto za mtu." Akapanga Jumatano. Alituambia tulete nyembe mbili mpya, mmoja wa kumnyolea tumbo na mwingine wa akiba, na akaniangalia mimi, si yeye. Nilielewa. Kama Jumatano ingepita, labda hakungekuwa na siku nyingine.

Jumatatu tukaenda kulazwa. Nilikuwa nimevaa sweta kuukuu, nimebeba beseni na blanketi. Sista wa wodi alikuja na karatasi, akamwangalia mume wangu, akaniangalia, akasema kwa upole, "Mama, asante kwa kumleta mtoto. Sasa tunahitaji mke wake aje atie sahihi."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka, na wodi ilikuwa imejaa. Na nywele zangu za mbele zilikuwa zimegeuka nyeupe zote, kama mtu aliyeinamia unga. Tena ni kweli nimemzidi mume wangu miaka mitatu, jambo ambalo kwao lilisemwa sana nilipoolewa na bado linasemwa kidogo. Nikatia sahihi. Mume wangu alitabasamu akiangalia ukuta. Mimi nilirudi nyumbani na lile neno moja, mtoto, likiwa limenikaa kooni.

Nikitafuta chanzo cha yaliyofuata, ni hapo. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na wasiwasi juu ya mgonjwa, na wasiwasi nilikuwa nao. Lakini Jumanne asubuhi mama mkwe alipiga simu kwamba Jumatano atafika mapema amwombee mwanawe kabla hajaingizwa, na mimi kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba tutasimama pale, wanawake wawili wenye mvi, na sista atauliza ni nani kati yetu aliye mama.

Nilikuwa na paketi ya rangi nyeusi ya unga, ile inayochanganywa na maji, ilikaa kabatini tangu Krismasi. Jirani alikuwa na dawa ya kulainisha iliyobaki chini ya kopo. Nikaona nitumie zote mbili siku hiyo hiyo: maji ya moto mara moja, kuosha mara moja, na hakuna cha kununua. Saluni ningekaa nusu siku, na pesa zote zilikuwa zimeelekea hospitali.

Jirani alisimama mlangoni kwangu akigeuza ile paketi. Yeye ni mjane, mume wake alikufa miaka minne iliyopita, na ni mtu wa kusoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia nyama.

"Hapa si wanasema usipake na dawa?"

"Wapi?"

"Hapa chini, maandishi madogo. Kuna wiki mbili."

"Wiki mbili ni ya nini?"

"Sijui. Kiingereza chake kimejikunja. Nyamera, dada yangu, ngoja kwanza mumeo atoke hospitali."

Aliniambia ngoja. Naliandika hilo kwa haki yake, maana baadaye majirani wengine wa ploti walisema ni yeye aliyeniharibu. Nilimwambia wale wenye kiwanda wanaogopa tu kushtakiwa. Nikapaka dawa, nikaosha, na nywele zikiwa bado na maji nikapaka rangi.

Mwanzoni ilikuwa joto. Halafu ikawa pilipili. Jirani akasema, "Toa, toa," nikainama juu ya beseni naye akanimwagia maji kwa kikombe. Nikasikia ameacha kumwaga. Nilifungua jicho moja. Nywele zangu zilikuwa zinaelea ndani ya beseni kama omena, wale dagaa wa ziwani, vifungu vifungu, nyeusi tititi. Rangi ilikuwa imeshika vizuri sana. Kichwa ndicho kilichokataa.

Zilizobaki zilisimama hapa na pale, na kati yake ngozi nyekundu yenye vidonda vidogo. Hakukuwa na la kufanya isipokuwa kunyoa zote. Mimi mwenyewe nilianza mbele, mbele ya kioo, lakini mashine ikaanza kuniuma kwenye vidonda. Jirani akaichukua. Alinyoa juu, akanyoa kisogo, polepole, akikwepa vidonda. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto mashine ikanyamaza. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia na mimi nilikuwa bado sijapika uji wa kumpelekea. Kwa mkasi hatukuweza, pale ndipo ngozi ilikuwa imechubuka zaidi. Kikabaki kichaka, upana wa vidole vitatu.

Nilitegemea atacheka. Ni mtu wa mzaha, angesema nafanana na yai. Alikunja waya wa mashine, akauzungusha mkononi mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Mama mkwe wako anafika lini?"

"Kesho asubuhi."

"Na mimi ndiye nimekunyoa," akasema.

Hapo ndipo nilipoona tulichofanya. Mjini hapa wanawake wananyoa upara kwa kupenda, wanavaa hereni kubwa, na hakuna anayeuliza. Kanisani kuna wanaosema liedo ni mambo ya zamani, na kuna wanaosema hivyo na bado wananyolewa. Kama ningekutana na mama mkwe siku ya kawaida na kichwa kile, angenuna, basi. Lakini mume wangu alikuwa kitandani akingoja kisu. Mke wake amenyolewa kichwa, na aliyeshika mashine ni mjane, kama vile mume ameshazikwa. Mtu aliyeahirisha upasuaji kwa sababu ya redio katika ndoto, huyo angefanya nini na kichwa hiki?

Jirani alinipa kitambaa chake kizito cha kijani. Alinifunga mwenyewe, mafundo mawili. "Usikivue hata kuoga," akasema.

Jioni ile nilimwonyesha mume wangu. Sikuweza kuficha, na nadhani sikupaswa. Nilivuta pazia la kitanda nusu, nikainua kitambaa upande wa mbele. Alinitazama, halafu akaanza kucheka bila sauti, ameshika tumbo kwa mikono miwili kwa sababu kucheka kuliuma.

"Ni nani huyu? Nilioa mwanamke, sasa naletewa askari."

"Cheka tu. Kesho Mama anakuja."

Akaacha kucheka. Nikamweleza yote: rangi, dawa, jirani, stima kuisha, kichaka nyuma ya sikio. Alisikiliza akigusa ukingo wa shuka.

"Asikione," akasema.

"Nitafunga vizuri. Lakini akikiona?"

"Atasema turudi nyumbani."

"Na wewe utasema nini?"

Alichukua uji akaunywa wote. Ulikuwa mlo wa mwisho aliokubaliwa kabla ya upasuaji. Nilingoja. Alinirudishia kikombe akasema sukari ilikuwa kidogo.

Usiku huo sikulala, lakini sitauandika, hakuna kilichotokea isipokuwa kichwa kuwasha.

Jumatano nilifika wodini mapema kabla ya saa moja. Sista, yule yule, alikuwa amekwisha kumnyoa tumbo kwa wembe mmoja. Wa pili ulikuwa juu ya kabati dogo la kitanda, bado ndani ya karatasi yake. Mume wangu amevaa lile gauni la kijani lenye kamba mgongoni. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja mguu umetundikwa, alikuwa amekaa pale wiki nyingi na alijiona kama mwenye nyumba.

"Karibu, mama," akaniambia. "Bwana yako leo anaenda kupunguzwa. Mwambie daktari asitupe, kuna mbwa hapo nje."

Mama mkwe akaingia. Ni mwanamke mrefu, anatembea wima hata akiwa na kikapu kichwani, na siku ya maombi anavaa kilemba cheupe cha kanisa lao. Alisalimu wodi nzima kitanda kwa kitanda. Tulizungumza Kidholuo, naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni, na najua maneno yake mengine yanapungua uzito nikiyahamisha.

"Nyar Seme," akaniita, binti wa Seme, jina analoniita tangu niolewe. "Umelala?"

"Nimelala, Mama."

"Huo uso haujalala."

Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akaweka kiganja chake juu ya shavu lake. Akasema, kama anamwuliza kuhusu mvua, "Moyo wako umekubali hiki kitu?"

"Umekubali, Mama."

"Wangu bado. Tuombe, tuone."

Hilo *tuone* lilinipiga kifuani. Nilisogea upande wa pili wa kitanda, mbali naye kadiri nilivyoweza, nikafumba macho. Kanisani kwao wanawake huomba wamefunika vichwa, kwa hiyo nilijiambia kitambaa kinanilinda, leo hakuna atakayeniambia nikivue. Sikufikiria mikono. Mama huomba kwa kuwekelea mikono. Alizunguka kitanda akiomba, sauti ikipanda, akaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha mwanawe, na wa kulia juu ya kichwa changu.

Alibonyeza, kama anavyobonyeza siku zote. Vidole vyake vikatembea juu ya kitambaa. Vikarudi. Vikatafuta upande mwingine, vikashuka mpaka kisogoni. Ombi likakatika katikati ya neno. Mzee wa mguu, ambaye alikuwa anaitikia, akaitikia peke yake kisha naye akanyamaza.

Mama hakuondoa mkono. Alimaliza ombi kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayefunga mlango upepo ukija. Akasema amina. Tukasema amina.

"Fungua kitambaa."

"Mama, tuko mbele ya watu."

"Fungua, nyathina, mwanangu."

Mafundo mawili ya jirani yalikuwa magumu. Nilihangaika nayo, kucha zikiteleza, na hakuna aliyenisaidia. Kilipotoka nilihisi hewa ya dirisha juu ya vidonda. Wodi nzima ilikuwa inatazama. Mimi nilitazama miguu ya mama mkwe, viatu vyake vya mpira vilivyooshwa safi kwa safari hii.

Hakupiga kelele. Ningependelea apige kelele. Alivuta stuli akakaa, kilemba chake cheupe kikilingana na uso wangu.

"Mume wako amekufa?"

"Hapana, Mama."

"Sijasikia."

"Hajafa."

"Basi ni nani alishika mashine?"

Nimeandika ukurasa huu mara tatu na hapa ndipo ninapokwama. Ningetaka kusema nilikuwa nimeamua kusema kweli. Au niseme nilikuwa nimeamua kudanganya, hata hilo lingekuwa kitu. Nilikuwa sijaamua. Nilifungua mdomo nikiwa na jina la jirani ulimini, na nilijua likitoka mume wangu atavaa suruali yake arudi Obunga kuinua mbao mpaka siku utumbo utakaponasa. Na nilijua nikisema uongo kwa mwanamke aliyenyolewa akiwa kijana, juu ya jambo lile lile, sitaweza kukaa naye jiko moja tena.

"Ni mimi," mume wangu akasema.

Mama hakugeuka. "Wewe nini?"

"Mimi ndiye nilimnyoa. Nywele ziliharibika na rangi, nikachukua mashine nikamnyoa."

"Wewe."

"Mimi."

"Lini?"

"Jumapili. Kabla nije huku."

Mama alinyoosha mkono akapitisha kidole kichwani mwangu, kinyume na uelekeo wa nywele. Mtu yeyote aliyewahi kunyoa anajua kichwa cha jana na kichwa cha siku tatu. Kidole kikafika nyuma ya sikio la kushoto, kikasimama juu ya kile kichaka.

"Hapa uliacha kwa nini?"

"Stima iliisha, Mama."

Alijibu mara moja, kama mtu aliyekuwepo. Nilikuwa nimempa hadithi nzima jioni ile, na sasa alikuwa ameingia ndani yake akakaa mahali pa jirani. Niliinua macho. Alikuwa anamtazama mama yake usoni, jasho kwenye mdomo wa juu, na hakuyashusha macho yake. Tangu nimjue nilikuwa sijaona hivyo.

Sista akaja na vijana wawili wa machela. "Mgonjwa wa kwanza. Tuko tayari?"

"Ngoja," mama mkwe akasema.

"Mama, daktari ameshanawa mikono."

"Basi mikono yake ikauke kidogo."

Alitazama kabati la kitanda. Akachukua ule wembe wa pili, akaufungua kwenye karatasi yake, akamwekea mwanawe kiganjani.

"Maliza."

"Mama?"

"Mwanamume aliye hai haanzi kichwa cha mke wake akakiacha hivi. Uliacha kwa sababu ya stima. Wembe hautumii stima. Maliza, nikiona."

Sista alitazama saa yake. "Mama, hii ni wodi, si kwa kinyozi."

"Mwache, sista," mzee wa mguu akasema. "Hata mimi niko kwenye foleni."

Mtu mmoja akacheka huko mbali, wengine hawakucheka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo kwa mume wangu. Mama akalowesha kona ya leso kwa maji ya chupa yake, akanipangusa nyuma ya sikio, taratibu kuliko nilivyotarajia. Halafu nikahisi vidole vya mume wangu vikiushika ule upande wa sikio na kuukunja mbele. Vilikuwa baridi. Hakuwa amekula tangu uji wa jana. Mkono wake ni mkono unaoweza kupiga randa ukatoa unyoya wa mbao mwembamba kama karatasi. Wembe uligusa. Ulipita kidogo, ukasimama. Ukapita tena. Nilisikia sauti yake ndani ya mfupa.

"Usisogee," akaninong'oneza. Hayo ni maneno yangu. Ndiyo ninayomwambia yeye kila mwezi.

Alinikata mara moja, pale kwenye mchubuko. Nilifunga meno. Mama aliona damu, akaipangusa kwa pembe ya kilemba chake cheupe, akaibana mpaka ikakoma. Nywele zilizoanguka juu ya shuka alizikusanya moja moja, nyeusi zile, akazifunga ndani ya karatasi ya wembe na kuitia kifuani. Akapitisha kidole nyuma ya sikio langu. Pakateleza.

"Sasa mpelekeni," akamwambia sista.

Walimpakia kwenye machela. Alipopita mlangoni aligeuza kichwa, lakini sijui alikuwa anamtafuta nani kati yetu.

Tulikaa kwenye benchi la korido, mama mkwe na mimi, kichwa changu wazi. Nilitaka kukifunika na sikuthubutu. Watu walipita wakinitazama, wakimtazama yeye, wakipunguza mwendo kwa heshima, maana walidhani wanajua. Dakika zikaenda. Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka mara nyingi na kila mara aliyetoka hakuwa wetu. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka nikapoteza hesabu. Mwishowe nilishindwa kuvumilia.

"Mama. Ile habari ya mashine. Si yeye ali—"

"Nyar Seme." Hakunitazama. "Nilimwuliza mtu, akajibu. Unataka niulize tena?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mara nyingi nimejiuliza kama mtu mwaminifu angesema ndiyo pale, na jibu langu linabadilika kulingana na siku.

Baada ya muda akasema, "Hiyo rangi. Ilikuwa nyeusi kweli?"

"Nyeusi sana, Mama. Ndani ya beseni."

Mabega yake yalitikisika kidogo. Sikujua kama anacheka mpaka alipojipangusa macho kwa ile pembe ya kilemba, upande wenye damu, akajipaka alama ndogo shavuni. Sikumwambia. Alikaa nayo mpaka daktari alipotoka akiwa amevua kofia, akauliza nani ni wa mgonjwa wa ngiri.

Sote wawili tulisimama. Nikamshika mkono, naye akauachia ushikwe.

"Ameamka," daktari akasema. "Anaulizia chai. Utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Mngechelewa tena kidogo, ningekuwa nawaambia mambo mengine."

Mama aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akaketi tena, mkono kifuani, pale alipotia ile karatasi.

Alirudi Pap Onditi siku ya tatu. Karatasi aliondoka nayo. Sijui aliichoma au aliizika au iko hadi leo ndani ya sanduku lake, na sikumwuliza, kama yeye alivyokataa kuniuliza mimi. Tunakaa jiko moja nikienda nyumbani. Kuna wakati ananitazama kichwa nikiwa nimeinama kupepeta mahindi na nafikiri anajua kila kitu, hata anajua ni jirani. Kuna wakati nafikiri alimwamini mwanawe tu, na mimi ndiye ninayemzidishia akili ili nisijione mdanganyifu. Pengine lile karipio la daktari lilimfanya aone bora asijue.

Siku ya kutolewa nyuzi sista mwingine alinikuta na kichwa changu, nywele zimeanza kuota, nyeupe zote sasa, mbele na nyuma. Akasema, "Mama, mwanao amepona vizuri." Mume wangu akafungua mdomo nikamkanyaga mguu. Nikamwambia sista asante.

Sijapaka rangi tena. Mashine bado ipo, meno mawili bado yamevunjika, tokeni tunanunua kabla ya kuanza. Namnyoa yeye kwanza. Halafu tunabadilishana kiti, ananifunga leso shingoni, ananikunja sikio mbele. Hajajifunza kuinamisha mkono. Nyuma ya sikio la kushoto ananiachia ile njia ya mchwa kila mara, na jirani akipita ananiambia nimwachie yeye airekebishe, anaijua ile mashine. Namwambia hapana, iko sawa.